Mkono wa Mwalimu wa Kwaya

Kwenye benchi letu pale Bagara, mkabala na bucha, hatuamini kitu mpaka kahawa ya Hatibu izunguke mara mbili, na hata hapo tunaamini nusu. Tunakaa tangu asubuhi mpaka jua lituhame. Juzi tulimkalia kikao Devota, binti aliyerudi kutoka masomoni akafungua chumba cha kukanda watu nyuma ya duka la Scola, fundi cherehani. Mwenzetu Sylvesta, tunayemwita Mwalimu kwa sababu ndiye anayeongoza kwaya parokiani, bega lake la kulia lilikuwa limegoma. Mkono hauvuki kifua, na Jumapili askofu anakuja. Devota alikuwa ameshamwangalia akamwambia arudi aanze kukandwa. Badala ya kurudi, akafanya kosa la kuja kutuomba ushauri.

— Kakwambiaje hasa? akauliza Redio, ambaye kila habari anadai kaisikia redioni.

— Anasema kuna utando mwembamba ndani ya mwili, umefunga misuli yote, Mwalimu akajibu. Ukikaa sana unakakamaa. Yeye anaukanda taratibu, halafu mwenyewe utembee, ujinyooshe kila siku.

— Mwenyewe? Aisee! Fundi gani anashika baiskeli yako halafu anakwambia nati nyingine kakaze nyumbani?

— Utando upo, akasema Heriel mwenye bucha, kaegemea ukuta. Ule mweupe juu ya nyama. Nauchuna kila siku, nawatupia mbwa.

— Umesikia, Mwalimu? Redio akadakia. Kitu cha mbwa, mtu kaenda kukisomea!

— Lakini tangu nikae sana hapa ndiyo bega limezidi, Mwalimu akasema, akilishika.

— Mwenda pole hajikwai, nikamkumbusha. Sasa aliyekaa kabisa, atajikwaa wapi?

Wote wakaafiki. Redio akasogeza kikombe.

— Mafuta anayopaka je? Mmeyanusa? Yale ni ya kiboko wa ziwani.

— Nani kakwambia?

— Umewahi kuona kiboko analalamika mgongo? Ukishapakwa, usiku miguu inakupeleka ziwani yenyewe.

— Mimi simwogopi kiboko, akasema Heriel. Namwogopa Scola. Kwa nini Devota kapanga nyuma ya fundi cherehani? Mtu akinyooshwa, anarefuka. Akirefuka, suruali inakuwa fupi. Sasa anatoka mle chumbani, mlango wa mbele anakutana na nani?

Hilo lilikuwa zito. Hata mimi niliitazama suruali yangu.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Redio. Wazee walijua.

Mwalimu aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, lakini si sana kiasi cha kumwambia aende.

Hatibu alikuwa ameondoka kuchemsha kahawa nyingine pale Bibi Gaudiosa wa Mutuka alipofika na ndoo ya mahindi, anakwenda mashineni. Akaitua chini ili apumzike.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, wanangu. Mnasemaje?

— Tupo tu.

Akahema kidogo, akaweka kata yake kichwani vizuri.

— Haya. Nani ananitwisha?

Mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi. Heriel akashika kiuno. Redio akachungulia kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Mwalimu ndiye aliyeinuka. Akaishika ndoo, akaipandisha mpaka kifuani, ikakwama hapo. Uso ukamkunjamana. Akairudisha chini taratibu, mahindi machache yakamwagika.

— Sylvesta mwanangu, bibi akauliza, ni mkono huohuo wa Jumapili?

Mwalimu akaokota yale mahindi, akayarudisha kwenye ndoo, akavuka barabara kuelekea kwa Scola.

— Suruali, Mwalimu! Redio akapiga kelele. Suruali!

Hakugeuka. Bibi Gaudiosa alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea nyuma ya duka, kisha akatugeukia.

— Haya, mliobaki. Nani ananitwisha?