Siku Tulipompa Mwalimu Pole

Wapendwa, nawasalimia kwa jina la Mungu anayesikia hata mutu wa sauti ndogo. Wale wa nyuma, munanisikia? Asante. Zamani hata hawa wa benchi la mbele wasingenisikia, na ndiyo habari iliyonileta hapa. Mchungaji ameniomba niseme kwa sababu wazazi wengi wa hapa Sange muna watoto kwenye chuo kule Uvira.

Majina sitataja. Yule nitakayemsifu mutaniruhusu nimwite Mwalimu tu. Angekuwa hapa angekuwa anaangalia viatu vyake, hajui kusifiwa.

Minye nilizaliwa Runingu, mtoto wa wakulima wa mpunga. Nilipomaliza sekondari baba alinipeleka Uvira kusomea kilimo, nikakaa kwa mama mudogo, mtaa wa Kavimvira. Siku ya kuondoka baba aliwaambia majirani, "Huyu atarudi enjenyeri." Na minye nikaringa, siwafichi.

Ndugu zangu, kule chuoni nilikuta mambo ingine. Mwalimu yeyote anaingia, tunasimama. Anasoma Kifaransa mbio mbio, tunaandika, anatoka. Ukiwa na neno unamwambia shefu wa promosyo, yaani mwanafunzi anayewasemea wenzake, naye ndiye analipeleka. Mara moja nilijaribu kuuliza swali mwenyewe. Kifaransa kikakwama katikati, darasa zima likacheka, na yule aliyekuwa anafundisha siku hiyo akacheka nao. Nikakaa chini. Toka hapo mdomo ulifungwa. Hata kuitika jina ilikuwa shida, wakawa wananiandika sikuja na niko pale nimekaa.

Mwisho wa mwaka mama akaugua, akapasuliwa. Nilipanda gari nikaenda kumuuguza, na siku hizo hizo mutihani wa yule Mwalimu ninayemsifu ukapita. Niliporudi sikuwa na pointi za somo lake. Deliberasyo, kile kikao cha walimu cha kuamua nani anapanda na nani anarudia mwaka, ilikuwa inakaribia. Na baba alishasema, "Ukianguka, rudia nyumbani. Jembe lako liko." Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

Shefu wa promosyo alikuwa amebeba shida za watu tele, yangu akaisahau. Ilibaki niende biro, ofisini kwa Mwalimu mwenyewe. Wamama, ninyi munanielewa. Musichana akiingia peke yake biro ya mwalimu mwanaume, mlango ukafungwa, akitoka ana jina jipya. Wanasema ameenda kutafuta pointi kwa njia ile ingine. Na tusifiche hapa kanisani, kuna wenzangu walioumizwa hivyo kweli, mahali ingine.

Nilifika mpaka mlangoni. Nyuma yangu watu wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha kucheka. Nikageuka. Nikajaribu siku ingine, hivyo hivyo. Nikarudi nyumbani, nikaanza kukunja nguo.

"Weye unafunga mizigo ya nini?" mama mudogo akaniuliza.

"Masomo imenishinda."

"Imekushinda, ao unaogopa?"

Nikaendelea kukunja. Asubuhi nilienda chuoni kurudisha kitabu nilichoazima, halafu nitafute gari la Runingu.

Sasa musikilize vizuri. Nafika, nakuta watu wamejaa uani. Meza ya Mwalimu iko nje! Meza, kiti, karatasi zake amezikandamiza na jiwe upepo wa ziwa usizipeleke, na yeye mwenyewe ameketi barazani, mahali kila mutu anapita. Biro yake iko tupu. Ninyi mungefikiria nini? Kwetu mkubwa akionekana na meza yake nje, maana yake ni moja.

"Bamemufukuza," wasichana walikuwa wananong'ona. "Masikini, na vile iko mutu muzuri!"

Basi tukafanya kile tunachojua kufanya. Shefu wa promosyo akatukusanya, mmoja akakimbia kutafuta soda, tukaenda kama watu wanaoenda kwenye kilio. Tukampa mkono mmoja mmoja. "Pole Mwalimu." "Pole sana, Mwalimu." Yeye anapokea mikono, anatuangalia, haelewi kitu. Na desturi munaijua: ukienda kutoa pole huwezi kukaa bubu, kila mutu anasema neno lake la kufariji. Zamu ikazunguka mpaka kwangu. Nikasimama. Mbele ya mutu mwenye msiba, nani atakudai Kifaransa? Nikasema kwa Kiswahili cha nyumbani:

"Mwalimu, minye nilikuwa nataka kukuya kwako, nikaogopa mulango. Leo mulango hakuna, lakini na kazi umeipoteza. Mungu akufungulie kwengine."

Wapendwa, Mwalimu alicheka mpaka miwani ikaanguka.

"Nani amenifukuza? Meza nimeitosha inje minye mwenyewe! Niko naona batoto banafika ku mulango, banageuka. Nikasema, kama shida ni mulango, acha minye nitoke."

Tulitaka ardhi itufunike. Shefu wa promosyo alianza kurudi nyuma na soda yake.

"Mukae," Mwalimu akasema. "Pole yenu nimeipokea, na soda nimeipokea. Sasa ile neno iliwaleta ku mulango, museme hapa, mbele ya bote, na luga mutu iko nayo. Weye wa mulango, anza."

Nikamwambia yote: ugonjwa wa mama, mutihani, jembe la baba. Machozi yalitoka na sikuona aibu. Akasema mutihani nitaufanya kesho yake, pale pale mezani, kwa mdomo, na anayetaka kusikia akae asikie.

Wakakaa wengi! Aliniuliza juu ya udongo wa bonde unaolowa maji. Nilianza kwa Kiswahili, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Kisha akasema, "Sasa kwa Kifaransa, pole pole, hakuna gari unakimbilia." Neno liliponipotea, wale wale walionicheka darasani walinisukumia. Nilipita. Musiniulize pointi, nilipita tu. Baba alipopata habari alimwita mama kutoka jikoni, akampa simu anisikie mwenyewe.

Meza haikurudi ndani. Mvua ikija tulibeba pamoja, Mwalimu upande wake, sisi upande wetu, na saa sita alikula bugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, nasi sahani moja, anauliza kwetu walivuna namna gani. Walimu wengine walisema anajishusha. Mmoja wao leo ana benchi lake pembeni pale. Hasemi kitu, lakini benchi liko. Na musifikiri Mwalimu alikuwa wa kugawa pointi, alituangusha vizuri sana! Ila ukianguka kwake ulijua kwa nini, na ulijua mahali pa kuuliza. Nampenda na kumheshimu mutu yule kuliko ninavyoweza kusema.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama mudogo kwa lile swali lake. Nawashukuru wenzangu wa kikohozi, maana ndio walionifundisha Kifaransa baadaye. Namshukuru baba, iko pale, anajifanya anatafuta ukurasa mu Biblia. Walimu mulio hapa, mwanafunzi akinyamaza musidhani ameelewa. Na ninyi wanafunzi, mwalimu naye ni mutu, mumusogelee, mumupe mkono.

Namaliza. Masomo nimemaliza, na mwaka huu chuo kimenibakiza niwe asistani, yaani msaidizi wa walimu. Wamenipa biro ndogo yenye mlango mzuri na ufunguo. Jumatatu niliita wanafunzi wawili, tukaitosha meza barazani. Sijakaa hata vizuri, naona kasichana ka mwaka wa kwanza kanakuya, soda mkononi. Kakanipa mkono, kasauti hakasikiki.

"Pole, Madamu. Bamekufukuza?"

Nikamusogezea kiti. "Kaa, mama," nikamwambia. "Niko nakungojea weye."