Ganzi ya Sajini Fadhul

Benchi la Kaltumu muuza kahawa, hapa mtaani Awindiri, linabeba watu wanne kama hakuna mnene. Jumanne ile ya mwaka 1975 tulikuwa wanne, pamoja na shavu la Fadhul, ambalo lilitaka nafasi yake peke yake. Fadhul tunamwita Sajini. Wiki iliyotangulia daktari wa meno alimvunjia gego, kipande kikabaki ndani. Sasa jicho la kushoto lilikuwa linafumba na hakuwa amekula siku tatu. Daktari huja mjini Jumanne tu, na saa saba mchana anaondoka. Sajini alikaa akinyonya kahawa kwa upande mmoja wa mdomo, akisema harudi kule ng'o.

Sababu yake ni kwamba ganzi haikushika. Alichomwa sindano, akangojeshwa, na koleo lilipoingia akamwona marehemu baba yake. Sulemani, ambaye tunamwita Redio, ndiye aliyemsindikiza siku ile. Alisimama mlangoni na alikuwa na ushahidi.

— Mimi naona na macho yangu. Ile mutu nachoma sindano, halafu navuta bomba nyuma kidogo, ndiyo nasukuma. Iko narudisha dawa yake.

Draku, fundi baiskeli, jina lake la benchi Injinia, alikataa habari ya wizi. Kwake dawa ni kama upepo kwenye tyubu, inatafuta tundu. Sajini ana kovu la risasi pajani, kwa hiyo ganzi ilishukia huko. Akamwuliza kama paja lilikufa ganzi siku ile. Sajini akafikiri sana, akasema kidogo, la kushoto. Basi, akasema Injinia, safari hii wachome paja ili dawa ipande. Redio akaona ni salama zaidi daktari ajichome mwenyewe kwanza. Nilichoka nao. Nikamwambia Sajini mvumilivu hula mbivu. Akanitazama kwa lile jicho moja, mtu wa njaa ya siku tatu, nikarudi kwenye kahawa yangu.

Pembeni yetu, akingoja maandazi ya Kaltumu, alikuwapo Santa, muuguzi aliyehamia mtaani kutoka Koboko mwezi ule. Alimweleza Redio kwamba kuvuta bomba nyuma ndiyo mafunzo ya sasa. Daktari anatazama kama damu inaingia. Ikiingia, sindano imo kwenye mshipa, na dawa ikisukumwa humo inaweza kusimamisha moyo. Isipoingia, anasukuma polepole, anangoja, kisha anagusa fizi kwa chuma na kuuliza. Ukisema inauma, anangoja tena au anaongeza. Injinia akauliza habari ya paja. Akaambiwa hapana.

Santa akamgeukia Sajini.

— Baba, alipogusa akauliza kama inauma, ulimjibu nini?

— Nilisema hapana, afande.

— Na ilikuwa inauma?

Redio akatazama barabara. Injinia akakagua kucha zake. Sisi wote wa benchi lile tumepita jeshini, na swali hilo tumeulizwa miaka mingi na watu walioshika fimbo. Jibu lake ni moja, na linatolewa visigino vikiwa pamoja. Mimi nililitoa nikiwa nimevunjika mkono. Hakuna aliyewahi kutuuliza akitaka kujua.

Santa hakurudia swali. Alisimama na maandazi yake, akingoja.

— Iliuma, akasema Sajini, macho chini. Nilimwambia hapana, na iko nauma sana, binti yangu. Mimi naogopa.

— Basi twende ukamwambie hivyo hivyo. Saa tano hii, tutamkuta.

Akainuka, akamwachia Redio kikombe, wakashuka pamoja kuelekea mjini. Alikuwa analia waziwazi, Sajini mzima, na hakujifuta. Sisi watatu tulibaki pale na kikombe chake.