Wimbo wa Papa Léon na Treni ya Kabalo

Mheshimiwa Komiseri wa Zone, Papa Gaspard shefu wetu wa stesheni, Baba Paroko, wamama wa soko, wageni mlioalikwa, na nyinyi ambao hamkualikwa ila mlisikia harufu ya nyama: karibuni wote.

Tumekuja kumuaga Papa Léon, mtangazaji wa stesheni yetu anayestaafu leo, ambaye tangu mwaka huu, serikali ilipoacha kuyakataza majina ya Kikristo, tunaweza tena kumwita kwa jina la ubatizo bila kutazama nyuma. Mimi ni Jérôme wa mizigo, mume wa marehemu Séraphine.

Nani hapa amesahau siku kengele yetu ilipopasuka? Treni ya Kabalo ilikuwa tayari, abiria wangali sokoni, na Papa Léon hakuwa na kitu cha kuwaita isipokuwa kipaza sauti na diski moja ndogo ya binti yake. Ilikuwa ya yule mwanamke wa Ulaya aliyevuma redioni wakati ule, mwenye magitaa makali na sauti ya mtu aliyeshika sufuria ya moto. Hata Baba Paroko alikuwa akiupiga mluzi wimbo ule, asikatae. Maneno yake hakuna aliyeyaelewa, lakini tangu siku ile mji mzima ulielewa jambo moja: mama akimaliza kuimba, treni inaondoka.

Tulielewa kupita kiasi. Kwenye arusi ya mtoto wa Papa Camille, wapiga muziki waliuweka wimbo huo ili watu wacheze. Je, tulicheza? Nusu ya ukumbi ilisimama, ikakamata mizigo, ikatoka mbio! Mama Hortense, usifiche uso, tulikukuta relini na sahani ya wali mkononi, ukilia: “Treni njo imetuacha? Njo imetuacha?” Bwana arusi alibaki na bibi arusi na keki.

Marehemu mke wangu alikuwa akipeleka ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kuuza Kabalo, na hakuwahi kufika mapema mahali popote, hata kwenye arusi yake mwenyewe. Wimbo ukikaribia kwisha, ungemwona kwenye njia ya sokoni, beseni kichwani, kiatu kimoja mkononi, akipiga kelele: “Papa Léon! Mwambie mama yule aimbe tena, ndagala yangu haiyafika!” Na Papa Léon, ambaye kazini hakumsamehe mtu kosa hata la kukohoa kwenye kipaza sauti, alirudisha sindano ya gramafoni mwanzo wa diski.

Mwaka jana tulimzika Séraphine. Treni iliyofuata, wimbo uliisha, na Papa Léon akarudisha sindano. Mashinisti akatoa kichwa dirishani mwa injini.

“Papa Léon, tunangojea nani tena?”

“Mama Séraphine.”

Mimi nilikuwa nimesimama na mikokoteni yangu. Ndipo mashinisti akavua kofia, akasema: “Basi, aimbe.”

Papa Gaspard, umetuletea king'ora kipya, na kuanzia kesho, umesema, wimbo umekwisha kazi. King'ora ni kizuri. Tumekisikia kikijaribiwa, na mbuzi wa Mama Agathe hajarudi mpaka leo. Kinajua kupiga kelele, lakini je, kinajua kungoja? Kila mji una Séraphine wake aliye bado njiani. Nakuomba mbele ya watu hawa: treni za mizigo zipe king'ora, na treni ya abiria utuachie yule mama aimbe.

Usinijibu sasa. Papa Léon ameleta diski yake, na Marceline anayeshika nafasi yake yuko tayari kwenye mashine. Tazama tu viti vyetu wimbo ukianza, kisha utajua la kufanya. Na ukiniona mimi pia nimesimama, usinicheke. Siendi popote, nitakuwa naangalia ile njia ya sokoni.

Papa Léon, pumzika vema. Nawashukuru nyote kwa masikio yenu.

Marceline, weka.