Sigara za Jikoni na Mshipa wa Tumboni

Ndugu zangu, Bwana asifiwe kabla sijajiaibisha. Mimi, mwalimu wa chuo na mwimbaji wa kwaya yetu hapa Marangu, nilivuta sigara zaidi ya miaka ishirini, na kila aliyeniuliza nilimkania.

Nilijificha kwenye jiko la kuni. Nyumbani kuna gesi, lakini kila jioni nilikwenda kule nje kuchemsha ndizi, kwa sababu moshi wa kuni hufunika harufu zote. Watu wakanisifu: amesoma, lakini hajaacha mila. Mchungaji alinitaja kuwa mfano mbele ya akina mama. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Mwaka jana mgongo ukaanza kuuma. Wifi yangu, Mama Neema, akanipeleka hospitali mjini Moshi. Tulidhani ni mawe ya figo. Kipimo kikaonyesha kwamba mshipa mkuu wa damu, ule unaopita tumboni, umetuna kama mpira wa baiskeli uliochakaa.

Daktari, kijana mpole, alinichorea. Ndani ya ukuta wa mshipa, alisema, kuna seli za misuli laini. Hukaza na kulegea damu inapopita, na ndizo zinazofuma nyuzi za kuushika ukuta. Zikiumizwa muda mrefu, nyingine hufa. Nyingine huacha kufuma na kusaidia kuzila nyuzi zilezile. Ukuta huwa dhaifu, hutuna, na unaweza kupasuka.

"Mama, unavuta sigara?"

Wifi akacheka. "Huyu? Daktari, huyu hata pombe yetu ya ndizi, mbege, anaikimbia."

"Sivuti," nikasema.

Ndugu zangu, nilidanganya huku nimeshika ule mchoro mkononi. Wiki mbili nililala chali nikisikiliza tumbo likidunda. Niliogopa kukohoa. Niliogopa kubeba majani ya ng'ombe. Niliwaza seli zangu zikisusa kazi moja baada ya nyingine, na bado jioni nilikwenda jikoni kuvuta.

Siku moja wifi akaingia bila hodi. Sigara ilikuwa mdomoni. Akavuta kigoda, akakaa.

"Wifi, mimi nilijua tangu kipaimara cha Neema. Nilikucheka kule hospitali ili useme mwenyewe. Wewe ukakana macho makavu!"

"Nitakufa, wifi."

"Basi kafe umesema kweli. Tuombe kwanza, halafu uizime. Au izime kwanza."

Tuliomba tukikohoa wote wawili. Kesho yake nilimwambia daktari yote. Hakushangaa. Alisema uvimbe haujafikia kiwango cha kupasuliwa. Nimeze dawa za presha, niache sigara kabisa, nirudi baada ya miezi sita tuone kama umekua. Miezi ile sijui niliishije. Sigara niliiacha, niliomba kama mtoto, na kwa hamu ya moshi niliwachukia wote walionizunguka, mniwie radhi.

Wewe unayeficha jambo lako, usingoje kufumaniwa. Mwamini Mungu, na mwambie daktari wako ukweli. Mimi namshukuru Yesu, na namshukuru wifi.

Juzi nilipimwa tena. Jana daktari akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani? Kahawa imechanua?"

"Imechanua, baba. Sema."

"Na ng'ombe?"

"Daktari!"

"Haujaongezeka, mama. Vipimo ni vilevile. Tutaendelea kuuangalia."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti, simu ikiwa bado sikioni. Upande wa pili daktari akasema, "Amina."