Winfrida Ashuka Ngazi: Miaka Thelathini ya Kugonga Kuta

Winfrida Melkizedeki amekagua majengo kwa miaka thelathini na miezi minane, na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, anashuka ngazi kwa mara ya mwisho. Mimi ni Raheli, mama yake mzazi. Ofisi ya Alute na Wenzake, hapa Singida mjini, walitaka meneja ndiye aandike wasifu huu wa kusomwa ukumbini siku ya kumuaga. Nikawaambia meneja amemjua miaka sita, mimi nimemjua sitini. Darasa la nne nimefika, kalamu naijua.

Kwa asiyejua kazi yake, ni hivi. Mtu akitaka kununua duka, ghala au nyumba ya wageni, au benki ikitaka kutoa mkopo kwa ajili ya jengo, Winfrida hutangulia. Hupanda juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, hukagua msingi, nyaya na mabomba, halafu anaandika alichokiona. Mwanamke wa kwanza ofisini kwao kupanda paa ni huyu wangu, na aliyembishia alipewa ngazi apande yeye.

Watu humwita Mama Gonga, kwa sababu hugonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Chuoni hawakumfundisha hilo. Nilimfundisha mimi, mfinyanzi wa Iguguno, alipokuwa anapanga vyungu vyangu siku ya mnada. Chungu kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Wahandisi wenye vyeti wamekuja kumwuliza anasikia nini, na jibu limetoka jikoni kwangu.

Sepuka kulikuwa na bwana anauza mashine ya kusaga na jengo lake. Alikuwa ameegemeza magunia arobaini ya pumba kwenye ukuta mmoja. Winfrida akamwomba ayasogeze. Bwana akasema, "Dada, mgongo unaniuma." Winfrida akavua koti, akabeba gunia la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne bwana akapona mgongo. Nyuma ya magunia ukuta ulikuwa umelowa mpaka kiunoni.

Ana mwiko mmoja: hali kitu kwenye jengo analokagua. Hanywi soda ya muuzaji wala chai ya mnunuzi, hata maji hubeba yake. Mwiko huo umeniumiza mimi kuliko mtu yeyote, na sasa nieleze ya mwaka 2012.

Kikundi chetu cha akina mama wa alizeti, Iguguno, kilitaka kununua ghala. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Ghala lilipakwa rangi ya bluu, mabati yanang'aa, na benki ilikubali kutukopesha iwapo mkaguzi ataridhika. Winfrida aliandika barua ofisini kwamba mnunuzi ni mama yake, atumwe mwingine. Mzee Alute, mwenye ofisi, alimjibu, "Nenda, ila na mimi nitakuja nisimame nyuma yako."

Siku ya ukaguzi nilichinja kuku, nikampelekea ghalani. Winfrida akaniamkia shikamoo vizuri, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akala viazi vyake vya kuchemsha huku kuku wangu anapoa.

Akaanza kugonga. Kwenye pembe ya nyuma aligonga sakafu kwa nondo, akarudia, akaniuliza mbele ya watu, "Mama, hapa palikuwa na nini zamani?" Nikamjibu palikuwa shamba tu.

Nilidanganya. Pale palikuwa na shimo letu la kuchimba udongo wa vyungu. Lilifukiwa kwa majivu na kifusi, na mjenzi aliyetoka mbali akajenga juu yake bila kuuliza wenyeji. Mimi nilijua, lakini nilikuwa nalitaka ghala, nikajiambia kifusi kimeshashikana.

Winfrida aliomba jembe, akachimba nje ya ile pembe. Yakatoka majivu, kisha kigae cha chungu. Akakifuta kwa kidole. Shingoni kilikuwa na mistari mitatu na nukta, alama ya ukucha wangu, niliyoweka kwenye kila chungu maisha yangu yote. Aliniangalia. Akakitia mfukoni, akaendelea kuchimba.

Ripoti yake ilisema pembe imesimama juu ya shimo lililofukiwa, jengo lisinunuliwe. Benki ikakataa. Katibu wetu, Scholastika, akaniambia kikundi kizima kikisikia, "Raheli, umezaa mtoto mwenye husuda. Hataki hata mama yake apate." Nikanyamaza. Winfrida naye alinyamaza. Angeweza kuwaambia mama yake alijua, nisemwe mimi. Miezi minane sikumpigia simu, na yeye alituma salamu kila Jumapili.

Masika yaliyofuata, Jumatano moja mchana, pembe ile ilizama na ukuta wa nyuma ukalala chini. Ghala lilikuwa tupu, halijapata mnunuzi. Jumatano ndiyo siku yetu ya kupima alizeti. Tungekuwa akina mama kumi na tisa humo ndani.

Watu walisema Winfrida alibahatisha. Wenzangu wa kikundi, haikuwa bahati. Haikuwa husuda pia. Mwenyekiti wenu ndiye aliyeficha shimo, na mwanangu alibeba matusi yenu miaka kumi na mitatu ili mimi niendelee kuitwa mwenyekiti. Hakunitaja. Leo najitaja mwenyewe, na Scholastika, siti yako nimeiweka karibu na yake.

Kwa hiyo niseme nimepumua. Sitasikia tena mvua usiku nikajiuliza yuko juu ya paa la nani. Tunaishukuru ofisi kwa kumrudisha na miguu yote miwili, na marehemu Mzee Alute kwa kusimama nyuma yake. Winfrida, Mungu akupe miaka mingi ya kukaa chini, kuta zikugongee wewe mlango kwa zamu yake.

Nimechinja kuku. Ukumbi huu nimeuulizia: hauuzwi, wala hauombewi mkopo. Kula, mwanangu.