Fomu ya Shiuli na Vikombe Vinavyovuja

Benchi la chai la Purnima, kando ya reli ya tramu kaskazini mwa Kolkata, halikosi watu asubuhi. Ampia, mstaafu wa shirika la umeme, hukaa kulia. Tindikali, anayefundisha tuisheni ya kemia sebuleni kwake, hukaa kushoto. Siku hiyo walikuwa wameshikilia fomu ya Shiuli, binti wa Purnima. Amepata chuo: digrii moja ya miaka minne, kemia na fizikia pamoja. Mzazi asiposaini kabla ya saa sita, nafasi inakwenda kwa mwingine. Purnima, macho tangu alfajiri, alitaka neno moja tu kutoka kwa waliosoma: asaini au asisaini?

— Shemeji, achague moja, alisema Tindikali. Hivi atatoka nusunusu.

— Achague fizikia, Ampia akadakia. Dunia nzima ni umeme. Hata Tindikali huyu akinuna, ujue volti zimeshuka.

— Na volti zinatoka wapi, kama si kwenye betri? Betri ni kemia, mzee!

— Na radi? Huko mawinguni nani kaweka betri?

— Wingu lenyewe ndiyo betri!

— Ndiyo maana wanafunzi wako wanafeli.

— Mimi nimeuliza habari za mwanangu, alisema Purnima.

— Tunafika huko, shemeji. Mimina chai.

Akamimina. Ubishi ulikuwa umeshafika kwenye mambo ya ndoa, Ampia akiapa kwamba ni sumaku tupu, Gopesh alipotua kapu lake. Ndiyo kwanza achukue kazi ya baba yake, kufinyanga vikombe vya udongo vya benchi lile.

— Kaka zangu, naomba msaada. Vikombe vya wiki hii vinavuja. Kosa ni la udongo, au la moto wa tanuru?

— Moto, alisema Tindikali haraka. Muulize fundi umeme.

— Udongo huo, alisema Ampia. Muulize mwalimu wa kemia.

— Sasa anayejua vyote viwili ni nani?

Wote wawili wakaruka wakipiga yowe: chai ilikuwa imewachuruzikia mapajani.

Purnima alifuta mikono kwenye sari, akaitwaa fomu, akasaini juu ya kifuniko cha sufuria.

— Shemeji, subiri, hatujamaliza!

— Mimi nimemaliza. Gopesh, wewe nitunzie kikombe kimoja kinachovuja, uje nacho baada ya miaka minne. Shiuli! Vaa viatu.