Moto Mmoja: Maisha ya Mama Selpha Nasambu Kimeli, 1912–1957

Mama tunayemsindikiza leo, Selpha Nasambu, alizaliwa Kimilili mwaka wa 1912, wakati wa kupalilia wimbi. Siku yenyewe wazazi hawakuandika, lakini kanisa lilimwekea tarehe tano Mei, naye akaikubali. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Khisa. Ndugu yake, Mzee Nyongesa, yuko hapa nasi. Selpha alipokuwa na miaka minane, baba yake alihamia Turbo kung'oa visiki katika shamba la kaburu mmoja, na jamaa yote ikamfuata na kuku wao.

Masomo yake hayakuwa marefu. Alisoma darasa la kanisa pale Turbo kwa miaka miwili, akajua kusoma Injili na kuandika jina lake, akabatizwa Pasaka ya mwaka wa 1927. Baadaye alipata kazi jikoni kwa bibi ya yule kaburu. Huko alifundishwa kwamba chombo safi ni kile kinachong'aa, na chombo kisichong'aa kinarudi kwenye maji moto na sabuni. Somo hilo alilishika sana, na ndilo lililokuja kumtia taabuni.

Paul Kimeli alikuwa akiendesha gari la ng'ombe, akipeleka ngano Eldoret, mji ambao wazee bado wanauita Sisibo. Kila safari alipitia Turbo, hata wakati njia haikuwa ya Turbo. Watu waliona, wakacheka. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1931, na Selpha akaja kukaa hapa Moiben, katika boma la mama mkwe wake, Kogo Chepkorir. Kogo hakufurahi. Alisema mwanawe amewapita wasichana wote wa Uasin Gishu, akaenda kuokota Mbukusu mla kumbikumbi. Hakusema kwa kuficha. Alisema bibi harusi akiwa ameketi hapo hapo.

Selpha alitaka kitu kimoja tu: kwamba siku moja huyu mama ale chakula kutoka mkononi mwake na kumwita mtu wa nyumbani. Basi mwezi wa Machi, mvua ilipoanza na Kogo akiwa ameenda kupanda, aliamua kumfurahisha. Aliingia nyumbani kwa mama mkwe, akaviona vibuyu vitatu vya maziwa vikining'inia ukutani. Alichungulia ndani, akakuta vyeusi kama chungu kilichoungua. Aliona aibu kwa niaba ya mwenyewe. Alichemsha maji, akachukua sabuni ya kipande na mchanga, akasugua tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Vibuyu vikawa vyeupe, akavianika juu ya ua ili kila mpita njia aone.

Watu waliona kweli. Wengine hapa bado wanakumbuka. Weusi ule ulikuwa makaa ya mti wa senetwet, yaliyosuguliwa ndani ya vibuyu miaka na miaka, na ndiyo yaliyokuwa yakiyapa maziwa ladha yake na kuyafanya yakae bila kuharibika. Kibuyu kikubwa Kogo alikuwa amepewa na mama yake siku ya kuolewa. Kimeli alifika wa kwanza, akaanza kucheka, halafu akaacha. Kogo alipofika alikishika kile kibuyu, akakinusa, kikanuka sabuni.

"Huyu msichana," akamwambia mwanawe, "amemwosha mama yangu."

Tangu siku hiyo Kogo alijipikia mwenyewe. Boma likawa na mioto miwili, moshi mmoja huku na mwingine kule, na kila mtu aliyepita barabarani alijua maana yake. Mzee Khisa alipopata habari alituma neno kwamba mlango wa Turbo uko wazi. Selpha alijibu kwamba akirudi, watu watasema Mbukusu ameshindwa na kibuyu.

Alienda kwa jirani, Mama Jemutai, akaomba mbegu. Alipanda vibuyu kando ya ua, akangoja vikomae, akangoja vikauke. Mama Jemutai alimfundisha kutoa uchungu wa ndani, kuchoma tawi la senetwet na kusugua makaa. Maziwa ya kwanza yalikuwa machungu kabisa, na Mama Jemutai akasema afadhali wampe ng'ombe mwenye minyoo. Ya pili waliyamwaga. Kila mara Selpha alipeleka kikombe kwa mama mkwe, na kila mara kikombe kilirudi kimejaa vilevile.

Hakukaa tu kungojea kikombe. Wakati wa mvua alichuma mboga za kienyeji, sageti na managu, na jioni ambazo kumbikumbi walitoka aliwaokota na kuwakaanga, na watoto wa majirani waliokatazwa na mama zao walikuja wakipitia nyuma ya nyumba. Mwezi wa Agosti alichoma mahindi mabichi. Kuanzia Oktoba alivuna mahindi ya kaburu wa hapa Moiben pamoja na wanawake wengine, mgongo ukiuma, na bado Jumapili ndiye aliyepika uji wa kanisa. Kiangazi kikija, mboga aliyokuwa amekausha ilikuwa ndani ya debe. Alisema mwaka haumshindi mtu anayejua mwezi unaokuja utakuwa na njaa gani. Mwanawe wa kwanza, Jackson, alizaliwa tarehe 8 Februari 1934. Kogo alimbeba mtoto na kumwimbia, lakini chungu cha Selpha hakukigusa.

Julai ya mwaka wa 1935 ilikuwa na baridi mbaya. Asubuhi moja Selpha alitazama ng'ambo ya boma, asione moshi. Alimkuta Kogo amelala, kifua kimembana, hana nguvu ya kupuliza moto. Mama Jemutai alikuwa kijiji cha Ziwa kwa binti yake. Kimeli alikuwa safarini. Hapakuwa na mtu mwingine.

Kogo hakuwa na meno ya kutosha kutafuna chochote. Selpha alikuwa na sageti iliyokaa chunguni siku ya tatu. Alikuwa ameilainisha kwa maji ya majivu, kama wanavyofanya kwao, halafu akaitia maziwa na kuiacha itulie, kama alivyofundishwa hapa. Aliipasha, akaiweka karibu na kitanda, akakaa chini. Kogo aligeukia ukuta. Baadaye kidogo, bila kugeuka, aliuliza ndani kumewekwa nini.

"Majivu, mama," Selpha akasema. "Ya maganda ya maharagwe. Kwetu tunayachuja."

Kogo aligeuka, akalitazama bakuli.

"Kwa hivyo," akasema, "vibuyu vyangu uliviondolea weusi, ukaja kuuweka kwenye mboga."

Selpha hakujua kama acheke au akimbie. Alibaki pale pale. Kogo alijiinua kwa kiwiko, akavuta bakuli, akala. Alikula yote, na akapangusa pembeni kwa kidole. Siku ya tatu alikuwa anaweza kukaa, na Selpha akainama kumwashia moto wake.

"Acha," Kogo akasema. "Boma moja linataka mioto miwili ya nini?"

Hayo ndiyo aliyosema, na hakuongeza mengine. Jioni ile alitembea na fimbo mpaka jikoni kwa Selpha, akakaa karibu na moto, na hapo ndipo alipokaa kila jioni mpaka alipofariki mwaka wa 1941. Maziwa ya vibuyu vya Selpha aliyanywa pia. Kila mara alimaliza kikombe, akasema, "Bado kidogo," akanyoosha mkono aongezwe.

Jackson alimwoa Rael kutoka Ziwa mwezi wa Aprili 1954. Jioni ya kwanza Rael alipika ugali, ukatoka na madonge yenye unga mkavu ndani. Wanawake walitazamana. Mmoja alikuwa ameshaanza kukohoa kule kwa kusudi. Mama Selpha alinyoosha mkono kabla ya wote, hata kabla ya wazee, akachukua donge lenyewe, akalila, akaomba lingine. Baadaye Rael alimuuliza kwa nini alifanya vile, maana yeye mwenyewe alijua ugali umemshinda.

"Chakula cha kwanza cha bibi wa nyumba hakionjwi," Mama alimwambia. "Kinaliwa."

Mwezi wa Mei mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba, na pumzi ikawa fupi. Alilazwa hospitalini Eldoret mwezi wa Juni, ambako daktari alisema moyo umechoka. Mama alisema moyo hauna neno, waangalie miguu. Aliporudi nyumbani ni Rael aliyempikia, akamlisha, akamgeuza, naye Mama hakukataa kijiko hata siku alipokuwa hana hamu. Jumanne, tarehe 3 Septemba 1957, saa nane za mchana, alimeza vijiko viwili vya uji, akamwambia Rael aketi amalize uliobaki usije ukapoa. Rael alikuwa bado anakunywa Mama alipofunga macho.

Ameacha mumewe, Mzee Paul Kimeli; watoto wake Jackson, Jeruto na Chepkorir; mkaza mwana wake Rael; mjukuu mmoja; ndugu yake Mzee Nyongesa na jamaa yote ya Turbo; na Mama Jemutai, aliyekuwa kwake zaidi ya jirani. Baada ya maziko Rael na wanawake wa kanisa wataandaa chakula. Watu wa Turbo na watu wa Moiben wanaombwa waketi pamoja, na asiondoke mtu kabla ya kula.

Mungu ampe Mama Selpha pumziko la amani. Amina.